Walezi wa Kunigunda

Hivi wewe unayenisikiliza, mtu akikupa kitu huku anacheka, umejuaje kama amekupa kweli?

Usinijibu haraka. Daktari Skolastika Kihwele alijibu haraka, tena mbele ya watu, na jibu lake likamkalia mabegani kama gogo bichi. Asubuhi hiyo alikuwa amesimama dirishani mwa maabara, chai imempoa mkononi, anautazama ukungu wa Mufindi ukishuka juu ya miti ya misindano. Macho yalimwasha. Alikuwa amechoka ule uchovu usiokatwa na usingizi. Unalala nao, ukiamka unaukuta umeshavaa viatu, unakusubiri mlangoni.

"Mtani! Mla mbwa wewe! Bado hujafa?"

Sauti ilifika kabla ya mwenyewe. Alikuwa ni Kunigunda Gama, mshonaji wa mashuka ya hospitali, Mngoni, mama wa mabega mapana na kilemba cha kitenge cha njano. Umri alikuwa amempita Skola kama miaka kumi hivi, lakini kati yao hapakuwa na shikamoo. Mhehe na Mngoni ni watani. Babu zao walichinjana, kisha wakachoka kuchinjana, wakaamua kutukanana mpaka mwisho wa dunia.

"Nife nimwachie nani ulanzi?" Skola akamjibu. "Nyie Wangoni mlitembea kutoka kusini kote kule mkidai mnatafuta vita. Uongo mtupu. Mlikuwa mnatafuta mahali penye pombe."

"Tukawakuta mmelewa, tukawahurumia." Kunigunda akajitupa kwenye kiti cha kuchotwa, akainamisha shingo. "Haya, chota. Chota ubongo wa kishujaa uwape Wahehe wako, labda watajifunza kusimama wima."

Wauguzi wakacheka. Ukutani, kidude cheupe kilicholingana na kisosi kikawaka kijani.

Kidude kile kiliitwa Sikio. Wakati huo sheria ilikuwa imekwisha kupita, kwamba daktari asiuguse mwili wa mtu mpaka Sikio lisikie ridhaa yake. Siku hizo hapakuwa tena na kutia saini. Zamani watu walitia saini wasichokisoma, wakaja kulia baadaye. Sikio lilisikiliza sauti yenyewe: kama ina woga, kama ina shuruti, kama mtu anasema ndiyo huku koo limembana. Likishuku lolote linawaka jekundu, na sindano zote chumbani zinajifunga. Watu walilipenda. Walisema, sasa hata mnyonge ana wakili.

Na sauti ya Kunigunda haikuwa na woga hata chembe. Ilikuwa na kicheko. Sikio likasema kijani, kama lilivyosema mara zote zilizotangulia.

Sindano ikaingia chini ya kisogo. Kunigunda hakukunja hata uso. Walipomaliza alinyanyua mikono afunge kilemba upya, akahangaika na fundo, likamteleza, likamteleza tena, mwishowe akamgeukia muuguzi. "Nifunge, mwanangu. Baridi hii ya kwenu imenigandisha vidole."

Skola aliona. Aliona, akaandaa chupa.

*

Sasa nikueleze alichokuwa anachota, maana watu wengi wakisikia ubongo hufikiri ni uji.

Ndani ya ubongo na uti wa mgongo mna seli za kusema na seli za kulea. Zile za kusema ndizo zenye sifa: hupeleka habari, huuambia mguu inuka, huuambia mkono acha, huo ni moto. Lakini zenyewe haziwezi hata kujilisha. Zimezungukwa na walezi. Mlezi huyu analeta chakula, yule anafagia taka, yule mwingine anauviringishia uzi wa fahamu utando wake ili habari isivuje njiani. Kwa miaka mingi wataalamu waliwadharau walezi, wakawaona kama nyasi za kufungia mayai yasivunjike.

Uti wa mgongo ukikatika, walezi ndio wa kwanza kufika. Hufanya wafanyavyo watu kijiji kikishika moto: wanajenga ukuta upesi moto usienee. Kazi njema. Ila moto ukizimika, ukuta unabaki. Ndilo kovu. Uzi wa fahamu unaokua ukitafuta njia unaugonga, unarudi, unagonga, hadi unakata tamaa. Mtu anabaki na miguu mizima isiyopata habari.

Skola aliitumia nusu ya maisha yake akitafuta mlezi anayejenga ukuta na kuacha mlango. Alijaribu kwa panya, kwa nguruwe, kwa wanafunzi waliojitolea. Akampata koridoni. Alikuwa anapima wafanyakazi wote wa hospitali, tone tone la kisogoni, na tone la mshonaji wa mashuka likaacha mlango.

Siku ile alitoka mbio, mashine ya kupimia mkononi, akamkuta Kunigunda amebeba lundo la mashuka. "Mtani! Nipe walezi wako! Nyie Wangoni ubongo wenyewe hamuutumii!"

Na Kunigunda, mbele ya wauguzi, wafagiaji na wagonjwa waliopanga foleni, akajibu, "Chukua, Mhehe! Chukua wote, pengine utapata akili!"

Kicheko kikatikisa mabati. Sikio la koridoni likawaka kijani. Ndivyo ilivyoanza.

Walezi wake walizaana vizuri kwenye chupa, lakini baada ya muda walisahau. Mlezi aliyekaa mno mbali na mwenyewe alianza kujenga ukuta mzima kama wengine. Ikabidi kurudi kisimani, kuchota tena. Na wagonjwa wakaja: mafundi wa viwanda vya mbao, wapanda nguzo, madereva wa malori ya magogo. Watu walioingia wamebebwa wakatoka na fimbo, kisha fimbo nazo wakaziacha. Kunigunda akiwaona uani hupiga kigelegele: "Angalia, Mhehe anatembea kwa miguu ya Kingoni!"

*

Fausta Mdegella alikuwa bado hajatembea. Gogo lilimporomokea mgongoni kiwandani, na vipupwe viwili vikapita tangu ausikie mwili wake chini ya kiuno. Alikuwa amewekewa walezi mara mbili. Ilibaki mara moja. Mlango ulikuwa umefunguliwa nusu, na nusu hiyo isingengoja. Walezi wake mwenyewe walikuwa kazini, wanarudisha matofali.

"Daktari, njoo uone maajabu," Fausta alimwambia Skola alipoingia wodini. Alikuwa amekunja uso kwa bidii kama mtu anayevuta ndoo nzito. Chini ya shuka, kidole gumba cha mguu wa kulia kikacheza.

"Kinasikia pia?"

"Kinasikia siafu siku nzima. Kinasikia na hili shuka lenu. Lina vinundu kwenye upindo, vinanikera." Fausta akacheka kidogo. "Miaka yote hii naomba nisikie kitu, nimekisikia, naanza kulalamika. Binadamu hana shukrani."

Skola akainama autazame upindo. Shuka lilikuwa jipya, jeupe. Uzi ulikwenda mara kulia, mara kushoto, kama njia ya mlevi, na vinundu vilikuwa pale uzi ulipojikunja juu yake wenyewe. Kando ya mshono palikuwa na vidoa vya kahawia. Kimoja, kisha kingine, kisha kingine, vikaenda mpaka kwenye pembe.

"Yote mapya yako hivyo," Fausta akasema. "Mimi nilidhani ni urembo."

Skola aliusugua upindo kwa ncha ya kidole. Ilikuwa damu iliyofuliwa. Damu ya mtu ambaye sindano imemwingia kidoleni, ikatoka, ikaingia tena, na yeye anaendelea kukanyaga cherehani akiimba.

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda bila kukaribishwa.

Alikuwa amempima Kunigunda damu, mkojo, moyo, macho. Vidole hakuvipima. Kila mara alimuuliza, "Unaendeleaje, mtani?" na kila mara akajibiwa tusi tamu, na Sikio likawaka kijani, naye akaandika kwamba hali ni njema. Sikio lilitengenezwa mbali huko, na watu wasio na watani. Lilijua woga, lilijua shuruti. Halikujua kwamba pana watu wawili hapa duniani ambao mmoja akiomba, mwenzake hawezi kusema hapana. Mtani akikunyang'anya kofia huendi polisi. Akiingia jikoni kwako akaondoka na kuku, unamtukana mpaka njiani, lakini kuku amekwenda.

Sikio lisingejua hayo. Skola aliyajua tangu utotoni. Alikuwepo wakati bibi yake anavuliwa koti na mtani msibani, kipupwe kinauma, bibi anacheka huku meno yanagongana. Jioni bibi akawaka homa. Hakuna aliyesema neno.

"Daktari, una nini?" Fausta akauliza. "Mguu wangu umeharibika?"

"Mguu wako hauna neno." Skola akavuta pumzi. "Fausta, wale walezi wanatoka kwa mtu. Nadhani mtu huyo ninamwumiza."

Nje mtu alikuwa anapasua kuni.

"Ni nani?"

"Siruhusiwi kukuambia."

"Basi usiniambie. Ukiniambia nitamwomba. Na mimi nikiomba nitapiga magoti, hata haya yasiyokunjika." Fausta akageuzia uso ukutani. "Ila usinitake niseme acha. Sitasema. Nataka kutembea, daktari. Nataka kwenda chooni mwenyewe, nifunge mlango, nikae mpaka nichoke. Usinitafutie wema leo. Nimechoka kuwa mwema."

"Sikutaki useme lolote."

"Sasa umeniambia ya nini?"

Skola aliliweka sawa lile shuka, akahakikisha upindo haugusi kidole.

*

Mkuu wa hospitali, Daktari Mwaisumo, alimsikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kumenya karanga bila kuzila, akajaza kisahani.

"Sikio limesema nini?"

"Kijani."

"Mara zote?"

"Mara zote, mkubwa. Lakini Sikio halijui utani."

"Na sheria je, inaujua?" Akasogeza kisahani. "Skola, ukianza kusema kijani siyo kijani, kesho kila mgonjwa tuliyemtibu atakuwa na mashaka. Vidole vya mshonaji, na miguu ya wodi nzima. Mimi ni Mnyakyusa, utani wenu unanipita. Nenda kalale. Kesho mchote, mwezi ujao mpumzishe."

Lilikuwa shauri la busara, na hilo ndilo lililomchosha zaidi. Lingekuwa la kikatili angeligombea.

Hakwenda kulala. Alichukua mkoba, akaliacha Sikio lake la mkononi juu ya meza, akateremka mtaa wa wafanyakazi kwa miguu, manyunyu yakimwingia shingoni.

*

Kunigunda alikuwa barazani, cherehani mbele yake, pipa la mashuka ubavuni. Alikanyaga, gurudumu likazunguka. Vidole vitatu alivifunga vitambaa. Alimwona Skola akifungua geti, uso ukachanua.

"Jamani, majirani, fungeni mbwa wenu! Mhehe ana njaa!"

Jirani mmoja akacheka ng'ambo ya ua. Skola akaja mpaka chini ya baraza. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, tena zuri, juu ya Wangoni na jinsi wanavyoogopa mvua. Akalimeza. Akapiga goti kidogo, kama mtoto aliyefunzwa.

"Shikamoo, Mama."

Gurudumu likaendelea kuzunguka lenyewe, likapungua, likasimama.

"Eti nini?"

"Shikamoo, Mama."

"Umelewa." Kunigunda alitazama huku na huku, anatafuta watu wa kucheka nao. Jirani alikuwa ameingia ndani. "Ulanzi wa leo una nini? Mhehe ananiamkia! Kesho jua litatoka Songea."

Skola hakujibu. Utani ni kama twanga-pepeta ya watu wawili kwenye kinu kimoja. Mmoja akiweka mchi chini, mwenzake atatwanga mara moja, mara mbili, kisha atasikia aibu ya mchi wake mwenyewe. Kunigunda akasema jambo jingine juu ya mbwa, sauti ikamwishia katikati. Manyunyu yakagonga bati. Mwishowe, kwa sauti ndogo ambayo Skola hakuwahi kuisikia, akasema:

"Marahaba."

Akamsogezea kigoda. Skola akakaa, wakawa karibu, magoti kwa magoti.

"Naomba mikono yako, Mama."

Kunigunda alisita, kisha akaitoa, kama mtu anayetoa vyombo ambavyo hakuviosha. Skola akafungua vitambaa. Nyama ya ncha za vidole ilikuwa imetobolewa kama chujio la chai. Akachukua sindano iliyokuwa kwenye mto wa cherehani.

"Fumba macho. Nikikugusa useme."

Akagusa kidole cha shahada. Kunigunda alinyamaza. Akagusa cha kati. Kimya. Akagusa kiganja, akabonyeza, akabonyeza zaidi.

"Umeshaanza?" Kunigunda akauliza, macho yamefumbwa.

Skola akairudisha sindano mahali pake.

"Tangu lini?"

"Aa. Ilianza kama ganzi ya kulalia mkono. Nikasema itaondoka." Akafumbua macho. "Siku hizi nikishika kikombe lazima nikitazame, nisipokitazama kinaanguka. Mjukuu wangu nikimshika shavu, najua ni shavu kwa sababu naliona."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Kila unapokuja unakuja na watu. Unaniita mtani, watu wameshaanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Mtani akilia, anakuwa nani?" Akairudisha mikono mapajani. "Na unajua mama yangu alizikwa na nani? Wahehe. Mvua inanyesha, sisi wafiwa tumelegea kama matambara, wao ndio walioshika majembe, wanatutukana, wanachimba. Mngoni akimkatalia mtani wake, siku yake ikifika atachimbiwa na nani?"

"Na mimi."

"Wewe daktari, hujui hata kushika jembe."

"Nitajifunza. Hata ukinikatalia leo, nitakuchimbia, nitakutukana mpaka maiti ipate hasira."

Kunigunda alitaka kucheka, midomo ikakataa.

"Sikiliza, Mama," Skola akasema. "Sikio sikulileta. Nimekuja mwenyewe. Kuna mgonjwa mmoja wodini. Nikikuchota mara moja zaidi, huenda akatembea. Nisipokuchota, hatatembea, atacheza kidole gumba, basi. Nikikuchota, hivi vidole havirudi tena. Nikiacha, walezi wako wataongezeka, na vidole huenda vikarudi polepole, huenda visirudi. Sikudanganyi, sijui. Nilipaswa kukuuliza hivi tangu siku ya kwanza, tumekaa kama hivi. Sikukuuliza. Nilikupigia kelele koridoni."

"Mgonjwa mwenyewe ni mwanamume?"

"Mwanamke."

"Ana watoto?"

Skola alijua kwamba angeweza kukwepa. "Anao."

Kunigunda akaitazama barabara ya hospitali. Watu wawili walikuwa wanapanda kilima, mmoja akichechemea kidogo, na huenda alikuwa mmoja wa wale waliotembea kwa miguu yake. Aliwatazama mpaka ukungu ukawafunika. Akavuta shuka kutoka kwenye cherehani, akalikunja, vidole vyake vikitafuta pembe, vikaikosa, macho yakavisaidia. Akaliweka mapajani. Skola hakumharakisha. Alijua yatakayomkuta kesho: uso wa Fausta ukutani, Mwaisumo na karanga zake, ukuta ukifungwa tofali kwa tofali. Atayabeba. Alikuwa amechoka kiasi kwamba mzigo mmoja zaidi haukumtisha. Kilichomtisha ni kuondoka hapo bila kusikia.

"Nikikataa utanichukia?"

"Hapana, Mama."

"Yeye je?"

"Yeye sijui. Labda."

Kunigunda akatikisa kichwa taratibu, kama anayekubaliana na bei kubwa. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono asiousikia.

"Sitaki," akasema. Akatulia, akalisikiliza neno lenyewe, halafu akalisema tena kwa sauti, jirani asikie akitaka. "Sitaki, Skolastika! Sikutaka siku ile koridoni, na leo sitaki. Nataka sindano ikinichoma, iniume."